Kujiandaa kwa Kiingereza cha GED: mwongozo kwa msemaji wa Kiswahili aliyeko Marekani

Watu wazima wengi waliofika Marekani kutoka Kongo, Burundi, au kambi za Nyarugusu na Kakuma hukwama mahali pamoja. Kazi yenye malipo bora inadai diploma ya sekondari, na wao ama hawakumaliza shule, ama vyeti vilipotea wakati wa kukimbia. GED ndiyo njia ya kuipata diploma hiyo ukubwani. Ina mitihani minne: hisabati, sayansi, maarifa ya jamii, na ule wa lugha unaoitwa Reasoning Through Language Arts, au RLA kwa kifupi. Si lazima ufanye yote siku moja. Unaweza kufanya mmoja sasa na mwingine miezi ijayo.

Mwongozo huu unahusu RLA peke yake, maana ndio unaowatia watu wetu hofu kuliko yote. Hofu hiyo ina sababu, kwa kuwa hapa Marekani GED hutolewa kwa Kiingereza na Kihispania tu. Lakini nimeona watu wakiingia kwenye maandalizi kana kwamba Kiswahili chao ni mzigo wa kuutua mlangoni. Sikubaliani nao. Kiswahili kimekufundisha tayari baadhi ya mambo magumu ya sarufi ya Kiingereza, na mahali kinapokupotosha panajulikana. Ukipajua, umepunguza kazi sana.

Hatua ya kwanza: jua mtihani unataka nini

RLA huchukua dakika 150. Unaanza na dakika 35 za maswali, zinafuata dakika 45 za insha, mapumziko ya dakika 10, halafu dakika 60 za maswali tena. Yote hufanyika kwenye kompyuta. Alama zinaanzia 100 hadi 200, na za kufaulu ni 145.

Vifungu vya kusoma huwa na maneno kati ya 450 na 900. Robo tatu ya vifungu ni habari za kweli: barua za kazini, makala za sayansi, hotuba na maandishi ya historia ya Marekani. Robo iliyobaki ni hadithi. Mashairi hayamo, kwa hiyo usipoteze jioni yako huko.

Maswali mengi ni ya kuchagua jibu. Mengine hukutaka uburute maneno na kuyapanga. Ya sarufi mara nyingi huja ndani ya barua yenye nafasi wazi: ukibofya nafasi hiyo, kisanduku kinafunguka na kukuonyesha chaguo nne, nawe unachagua iliyo sahihi. Hakuna anayekuuliza jina la kanuni. Unaulizwa tu sentensi ipi imekaa sawa.

Hatua ya pili: pima ulipo kabla ya kununua kitabu chochote

Kuna mtihani rasmi wa majaribio uitwao GED Ready. Matokeo yake huja kwa rangi tatu: kijani maana yake una uwezekano mkubwa wa kufaulu, njano uko mpakani, nyekundu bado. Usiufanye siku ya kwanza kama Kiingereza chako bado ni cha salamu na dukani. Utaumia moyo bure.

Nenda kwanza kwenye programu ya kisomo cha watu wazima iliyo karibu nawe, mara nyingi kwenye chuo cha jamii, shule ya wilaya au maktaba. Nyingi hazilipishi masomo. Watakupa jaribio la kukuweka darasani, kwa kawaida TABE au CASAS. Wakikwambia uanze na darasa la Kiingereza kabla ya la GED, usilichukue kama tusi. Anayeingia darasa la GED bila kuelewa nusu ya anachosoma huacha baada ya wiki chache, na wengi wao hawarudi.

Ukishajua ulipo, weka dakika arobaini kila siku. Anayefanya zamu ya usiku ghalani au kwenye kiwanda cha nyama hawezi kusoma saa tatu mfululizo, na hahitaji. Dakika arobaini zisizokatika ni bora kuliko Jumapili nzima ya kuchoka.

Hatua ya tatu: tumia upatanisho wa ngeli kuelewa upatanisho wa Kiingereza

Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu. Swali linalorudi mara nyingi ni la kitenzi kukubaliana na kiima, na wewe umekuwa ukifanya kazi hiyo tangu utotoni.

Sema kwa sauti: "Kikapu cha maembe kimeanguka." Hukusema "yameanguka," ingawa maembe ndiyo yaliyo karibu na kitenzi. Sikio lako lilijua kwamba kilichoanguka ni kikapu. Sasa angalia mtego wa mtihani:

"The list of new rules ___ on the door." Chaguo ni "is" au "are."

Asiye na kanuni huona "rules" na kuandika "are." Wewe rudi kwenye Kiswahili: "Orodha ya masharti mapya ipo mlangoni." Ni orodha iliyopo, kwa hiyo ni "is." Kila unapokutana na "of," jiulize kilicho kabla yake ni nini. Hicho ndicho kinachoamua kitenzi.

"Each" nayo iko upande wako. Tunasema "kila mmoja wa wafanyakazi ana ufunguo," kwa umoja, na Kiingereza vilevile: "Each of the workers has a key."

Sasa mahali Kiswahili kinapokupotosha. Sisi husema "meneja pamoja na wafanyakazi wawili wametia saini," kwa wingi. Kiingereza kinamwangalia meneja peke yake: "The manager, along with two workers, has signed." Pia "kuna" yetu haibadiliki: kuna sababu moja, kuna sababu tatu. Kiingereza kinabadilika: "There is one reason," lakini "There are three reasons." Angalia neno linalofuata kabla ya kuchagua.

Halafu kuna ile "s" ya mwisho. Kwenye nomino nyingi inaonyesha wingi, kwenye kitenzi cha wakati uliopo inaonyesha umoja. "The driver stops" ni dereva mmoja, "the drivers stop" ni madereva. Katika sentensi nyepesi kama hizi, "s" hukaa upande mmoja tu. Andika jozi kumi za namna hii kila asubuhi kwa wiki moja, ukitumia maneno ya kazini kwako, hadi mkono uzoee.

Kosa jingine linatokana na viambishi vyetu. Tunasema "kaka yangu yeye anafanya kazi hospitalini," na hakuna anayeshtuka. Kwa Kiingereza sanifu, "My brother he works at the hospital" ni kosa, kwa sababu kiima kimetajwa mara mbili. Futa "he."

La mwisho katika hatua hii ni zuri, na vitabu vilivyoandikwa kwa wazungumzaji wa Kiingereza havilielezi kwa namna itakayokusaidia. Ukisema "nikitembea kwenda kazini, basi lilinipita," ile "ni-" inaonyesha wazi kwamba mtembeaji ni wewe. Kitenzi cha Kiingereza chenye "-ing" hakibebi mtu ndani yake. Kwa hiyo "Walking to work, the bus passed me" inasomeka kana kwamba basi ndilo lililokuwa likitembea kwenda kazini. Mtihani unapenda swali hili. Kanuni ni moja: mtendaji wa "walking" lazima awe neno la kwanza baada ya koma. "Walking to work, I was passed by the bus," au vema zaidi, "As I was walking to work, the bus passed me."

Hatua ya nne: jua sentensi inaishia wapi

Kiswahili kinapenda kuunganisha matukio: "Nilifika kazini, mlango ulikuwa umefungwa, nikarudi nyumbani." Sentensi hii haina kasoro, kwa sababu "-ka-" inabeba mfuatano. Kiingereza hakina "-ka-." Ukiandika "I arrived at work, the door was locked, I went home," umeunganisha sentensi tatu kamili kwa koma, na mtihani unahesabu hilo kuwa kosa.

Koma haina nguvu ya kuunganisha sentensi kamili mbili. Una njia tatu za kurekebisha. Weka nukta na uanze upya kwa herufi kubwa. Au weka koma pamoja na kiunganishi kifupi kama "and," "but" au "so." Au fanya sentensi moja iitegemee nyingine: "When I arrived at work, the door was locked, so I went home."

Neno "however" linawachanganya wengi kwa sababu maana yake inafanana na "but." Halifanyi kazi kama "but." Mbele yake, likisimama kati ya sentensi mbili kamili, panahitajika nukta au nuktamkato: "The bus was late; however, I arrived on time." Ukiona chaguo lenye koma tu kabla ya "however" katikati ya sentensi mbili kamili, liache. "Therefore" inafuata kanuni hiyohiyo.

Upande wa pili ni sentensi isiyokamilika. "Because the bus was late." ni jibu zuri ukiulizwa swali mdomoni, lakini likiandikwa peke yake na kufungwa kwa nukta ni kosa.

Na hili tafadhali liandike kwenye karatasi ulibandike ukutani: sisi husema "ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alifika." Kiingereza kinataka moja tu kati ya hayo mawili. "Although he was sick, he came," au "He was sick, but he came." Ukiziona "although" na "but" zikisaidiana namna hii katika sentensi moja, jibu hilo limekosea.

Hatua ya tano: madogo yanayoleta alama za haraka

Haya hayahitaji nadharia. "Its" ni yake, "it's" ni "it is." "Their" ni yao, "there" ni pale au kuna, "they're" ni "they are." Ukiwa na shaka kwenye neno lenye alama ya ritifaa, lifungue liwe maneno mawili uone kama sentensi bado inasimama.

Kwa umilikaji, anza na mwenye kitu. Ratiba ya mfanyakazi: andika "worker," ongeza 's, upate "the worker's schedule." Ratiba ya wafanyakazi: andika "workers," ongeza ritifaa tu, upate "the workers' schedule."

"Yeye" haitofautishi mwanamume na mwanamke, kwa hiyo ukimaliza kuandika pitia kila "he" na "she." Lakini mtihani unajali zaidi utata. "When Anna called Maria, she was angry" haisemi nani aliyekasirika, na jibu sahihi litakuwa lile linalotaja jina.

Orodha lazima ziwe na umbo moja: "lifting boxes, driving and cleaning," si "lifting boxes, driving and to clean."

Kuhusu "a" na "the," ushauri wangu unaweza kukushangaza: usizipe muda mwingi. Kiswahili hakina, zinachukua miaka kuzoeleka, na waalimu wa kujitolea hutumia masaa juu yake wakati mwanafunzi bado anaunganisha sentensi tatu kwa koma.

Hatua ya sita: soma ukitafuta hoja, sababu na ushahidi

Waliosoma kwa Kifaransa huko Kongo au Burundi wana akiba kubwa hapa, maana maneno mengi marefu ya Kiingereza yanafanana na ya Kifaransa. Chunga machache tu. Neno "evidence" limejaa katika mtihani huu, na maana yake ni ushahidi, si jambo lililo wazi kama "évidence" ya Kifaransa.

Kila kifungu cha mabishano kina vitu vitatu: anachodai mwandishi, sababu anazotoa, na ushahidi unaozishika sababu hizo. Chukua kalamu na mifano hii miwili niliyotunga:

"City buses should run until midnight. Many hospital cleaners finish work at 11 p.m., and in a survey last spring more than half of them said they pay for a taxi home."

"Late buses are a waste. Everyone knows that decent people are home by nine, and our city has always managed without them."

Wa kwanza anadai mabasi yafanye kazi hadi usiku wa manane. Sababu yake ni saa za wafanyakazi wa usafi hospitalini. Ushahidi wake ni utafiti ambao mtu angeweza kwenda kuuangalia. Wa pili anadai mabasi hayo ni hasara, lakini ukitafuta ushahidi hupati kitu. "Everyone knows" haikuambii nani aliulizwa. "Has always managed" haikuambii watu walivumilia nini. Maneno ya namna hiyo yapigie mstari kila unapoyaona.

Huenda mfano huu umekugusa kwa sababu wewe au ndugu yako mnatoka kazini saa hizo. Jihadhari hapo. Siku ya mtihani, upande wenye ushahidi mzito unaweza kuwa ule usioupenda, na bado ndio utakaouchagua.

Ukisoma kifungu kirefu, angalia kwanza kichwa na sentensi ya kwanza ya kila aya, kisha soma chote mara moja bila kusimama kwenye neno gumu. Simama tu pale ambapo neno hilo linaziba maana ya aya nzima. Kabla ya kuchagua jibu, weka kidole kwenye mstari unaolithibitisha. Kama hakuna mstari, si jibu, hata liwe la kweli kiasi gani duniani. Majibu yenye "always," "never" na "all" yatilie shaka, kwani mara nyingi yanazidi alichosema mwandishi.

Kwenye hadithi inatosha kujiuliza: nani anataka nini, na ni nini kinachomzuia?

Mazoezi si lazima yatoke kitabuni. Barua ya mwenye nyumba, tangazo la shule ya watoto, notisi ya usalama kazini, maoni ya wasomaji kwenye gazeti la mji wako: vyote ni Kiingereza cha aina ileile unayopimwa. Soma kimoja kwa siku, kisha umweleze mtu nyumbani kwa Kiswahili, kwa sentensi mbili, mwandishi anataka nini na kwa nini. Ukishindwa kueleza kwa Kiswahili, hukukielewa, na ni lazima urudi.

Hatua ya saba: insha ya dakika 45

Utapewa maandishi mawili yanayopingana. Kazi yako ni kuonyesha ni lipi lenye ushahidi bora. Hutakiwi kusema unaamini nini. Watu wenye akili nyingi wamepoteza alama kwa kuandika maoni yao mazuri juu ya mada na kuyasahau maandishi waliyopewa.

Wasahihishaji wanaangalia mambo matatu: uchambuzi wa hoja na ushahidi, mpangilio wa mawazo, na lugha. Kila moja lina alama 0 hadi 2. Wanajua hii ni rasimu iliyoandikwa kwa haraka na hawatarajii isiwe na kosa hata moja. Ndiyo maana nilisema usijitese kwa "a" na "the." Insha yenye uchambuzi mzuri na makosa machache ya lugha inashinda ile safi isiyo na uchambuzi.

Gawa muda hivi: dakika 10 za kusoma, 5 za kupanga, 25 za kuandika, 5 za kupitia. Lenga aya nne hadi saba, maneno 300 hadi 500. Kwa mfano wetu wa mabasi, mwanzo unaweza kuwa hivi:

"Both writers discuss whether city buses should run until midnight. The first argument is better supported. The first writer gives a fact that can be checked: in a survey, more than half of the hospital cleaners said they pay for a taxi home. The second writer says 'everyone knows' decent people are home by nine, but does not say who was asked."

Sentensi ni fupi, hazina urembo, na kila moja inafanya kazi. Aya zinazofuata zichukue ushahidi mmoja mmoja: nukuu maneno machache, kisha eleza kwa nini yana nguvu au hayana. Kunukuu bila kueleza hakukupi kitu, na kunakili aya nzima ya maandishi waliyokupa kunakuumiza.

Kuna jambo ambalo madarasa mengi hulisahau. Mtu anayejua cha kuandika lakini anatafuta kila herufi kwa kidole kimoja hamalizi. Kompyuta ya mtihani haitakusahihishia tahajia kama simu yako inavyofanya. Kwa hiyo tenga dakika kumi kati ya zile arobaini kwa kibodi, kila siku, tangu wiki ya kwanza. Kama nyumbani hakuna kompyuta, maktaba za umma zinazo na ni bure.

Hatua ya nane: siku yenyewe, na baada yake

Jiandikishe pale GED Ready itakapokupa kijani. Angalia kanuni za jimbo lako kuhusu ada na vitambulisho, kwani zinatofautiana, na hakikisha jina ulilojiandikisha nalo linalingana herufi kwa herufi na la kwenye kitambulisho chako. Hili linawahusu hasa watu wetu ambao majina yao yalibadilishwa mpangilio kwenye karatasi za ukimbizi.

Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo usiache swali wazi. Ukikwama, weka alama kwenye swali, chagua jibu moja, endelea, na urudi muda ukibaki kabla sehemu hiyo haijafungwa.

Ukipata chini ya 145, utarudia RLA tu. Mitihani mingine uliyofaulu inabaki yako. Kwa kawaida baada ya kushindwa mara tatu unasubiri siku 60 kabla ya kujaribu tena. Kwenye akaunti yako ya GED utakuta ripoti inayotaja stadi za kuongeza. Ichapishe, umpelekee mwalimu wako, na mwanze na stadi mbili za juu kwenye orodha hiyo kabla ya kupanga tarehe nyingine.